Jiwe la Kijani Halioshwi kwa Ndimu

Emérance alipokwenda kuomba meza kwenye foire, hakutumia sauti ya mtu anayeomba. Alisimama mbele ya Mama Élisabeth, yule aliyekuwa akiongoza maonyesho hayo ya kazi za mikono katika uwanja wa parokia, mjini kati, akamwambia kwamba ana vitu thelathini vya malakiti, lile jiwe la kijani, amevichonga mwenyewe, na angependa meza iliyo karibu na lango. Mama Élisabeth alimwangalia kuanzia kitambaa cha kichwa hadi sandali. Akamuuliza kama ni mwanakwaya, au mwanachama wa akina mama wa parokia, au angalau Mkatoliki. Emérance akajibu kwamba hapana, yeye anasali na wazaliwa upya kule Kikula, tena anasali kwa sauti kubwa, lakini mawe yake hayajabatizwa popote. Mama Élisabeth alicheka bila kutaka kucheka. Meza akaipata, ila ya nyuma kabisa, kati ya akina mama wa vitambaa vya kufuma na mlango wa choo.

Akashukuru kama aliyepewa kiti cha askofu, akaenda zake.

Hayo yalikuwa mwezi wa saba mwaka wa 1996, na Likasi, mji wa machimbo ya shaba, ilikuwa imechoka. Viwanda vilikuwa vinazimika kimoja baada ya kingine. Mshahara ulikuja siku ulipojisikia, na noti zilikuwa zimeishiwa nguvu kabla hazijafika sokoni. Walimu waliuza maandazi, mafundi wa umeme walilima mihogo nyuma ya nyumba, na kila mtu alikuwa amejifunza kuuza kitu. Kwa hiyo hakuna aliyeshangaa kwamba Emérance anauza. Walichoshangaa ni kwamba ameamua kuuza mawe katika mji ambao watoto huokota jiwe la kijani njiani kumfukuzia mbuzi.

Na kweli, mara ya kwanza alipojaribu, mambo yalikwenda kombo. Miaka miwili kabla ya hapo alikaa siku tatu katika soko la Kikula na visahani vyake vya majivu ya sigara na mayai machache, kati ya muuza makaa na muuza samaki wakavu. Hakuna aliyenunua. Mama mmoja aliinua yai la malakiti, akaligeuza, akauliza kama linafaa kukandamizia mfuniko wa sufuria ya bukari, ugali wa huku. Emérance alirudi nyumbani akalia, kwa sababu aliumia, na mtu akiumia hulia. Alipomaliza kulia akafikiri. Jiwe halikuwa na kosa. Wapitaji ndio hawakuwa wale waliotakiwa.

Mwaka uliofuata alikwenda kwenye foire ya parokia kama mgeni tu, amevaa gauni la Jumapili, mikono mitupu. Alizunguka kutwa nzima, na hakuangalia bidhaa; aliangalia mikono ya watu. Walikuwapo wageni kutoka Lubumbashi, wamisionari, wake za mafundi wachache ambao hawajaondoka. Waliwapapasa tembo wakubwa waliochongwa kwa malakiti, wakawageuza, wakasema wazuri, wakawarudisha mezani. Walichonunua ni kile kilichoweza kulala ndani ya kiganja. Jioni hiyo Emérance alimtangazia mumewe kwamba visahani vya majivu vimekwisha katika nyumba hii. Kuanzia kesho ni mayai, samaki wadogo, misalaba na shanga.

Ufundi wenyewe aliupata kwa Papa Théodore, jirani yake, mzee Mkasai aliyekuwa na mashine aliyoiunda kwa baiskeli: unakanyaga pedali, gurudumu la kusagia linazunguka, maji yanadondoka kutoka kwenye kopo lililotobolewa. Mwanzoni mzee alimpa kazi ya kung'arisha tu, kwani kung'arisha kulihesabiwa kazi ya wanawake, jamaa ya kuosha vyombo. Emérance aling'arisha miaka miwili. Msasa wa kwanza, wa pili, wa tatu, wa nne, kila mmoja laini kuliko uliotangulia, daima kwa maji, kisha kitambaa na nta ya mshumaa. Mwaka wa tatu akapanda baiskeli bila kuombwa. Mzee alitoka ndani akamkuta anachonga, akavuta kigoda, akamwonyesha jinsi ya kuligeuza jiwe ili ile miviringo yake, kijani kilichoiva na kijani kichanga, iangukie katikati ya tumbo la yai.

Mwaka wa 1993, Wakasai walipofukuzwa Likasi warudi mkoani kwao, Papa Théodore alikaa majuma saba kwenye stesheni na wanawe akingojea treni. Emérance alimpelekea bukari na majani ya mihogo kila baada ya siku mbili. Watu walimwonya, akawajibu kwamba sufuria ni yake na miguu ni yake. Treni ilipokuja, mzee alimwambia kwamba ile mashine haina nafasi ndani ya behewa, aichukue yeye. Emérance aliibeba kipande kwa kipande hadi kwake, huku akilia barabarani mchana kweupe, na asubuhi iliyofuata akaanza kazi, maana hakujua namna nyingine ya kumshukuru.

Mumewe, Constantin, alikuwa mtu wa asidi. Kwa miaka kumi na tisa alisimamia matangi makubwa ya kiwandani, alikuwa na cheo kidogo na heshima nyingi, na soksi zake zote zilikuwa na vitundu vya matone. Kisha aliambiwa akae nyumbani mpaka atakapoitwa. Akakaa. Mwaka wa tatu sasa, hakuitwa. Kila asubuhi aliamka saa kumi na moja, akavaa viatu vyake vya kazi, akanywa chai, akaketi mlangoni. Kazi ya mkewe aliiita vijiwe. Hakuwa mtu mbaya, wala hakuwa mvivu. Alikuwa anaona haya, na haya ya mwanaume aliyekosa kazi hukalia nyumba nzima, hata kuku hupita kando yake.

Basi mdogo wake Germain, mvuvi wa Tshangalele, alikuwa amemtumia ujumbe: njooni ziwani, kibanda kipo, wavu wa tatu hauna mikono ya kuuvuta. Constantin, ambaye maishani hakuwahi kumshika samaki asiyepikwa, aliupokea ujumbe ule kama wokovu. Emérance aliona kitu kingine. Aliona mahali pasipo jiwe, pasipo mashine, pasipo mgeni wa kununua chochote, na yeye akipasua matumbo ya samaki mpaka uzeeni chini ya amri ya mke wa shemeji. Hakulificha hilo. Walibishana mwezi mzima, wakati mwingine kwa maneno, wakati mwingine kwa kugonga sufuria. Mwishowe wakapatana hivi: Emérance aende foire, Jumapili hiyo moja. Meza yake isipomsimamisha mtu, yeye mwenyewe atafunga godoro kwenye kamioneti ya mizigo ya Germain, ambaye angepita Likasi Jumapili hiyohiyo jioni na kuondoka Jumatatu alfajiri. Na je, meza ikiwasimamisha watu? Constantin akasema, tutaona. Emérance akalichukua neno hilo kama ahadi, ingawa alijua vizuri kwamba aliyelitamka hakuahidi kitu.

Jumamosi, saa nane za mchana, vitu vyote thelathini vilikuwa vimepangwa mkekani: mayai kumi na mawili, samaki kumi, misalaba mitano, mikufu mitatu ya shanga. Vilikuwa vizuri, na Emérance alijua kwamba ni vizuri. Lakini huo ndio msimu wa upepo, na vumbi jekundu halina adabu. Tena majirani walikuwa wamepita kutazama, na kila aliyetazama alishika. Yeye alitaka ving'ae jinsi kitu hakijawahi kung'aa Likasi.

Sasa, katika nyumba ya kila mfanyakazi wa Likasi kuna sahani ya shaba imetundikwa ukutani sebuleni, na kila mke wa mfanyakazi anajua inavyosafishwa. Nusu ndimu, majivu kidogo, sugua, suuza, na shaba inatoka nyekundu kama siku iliyozaliwa. Emérance alifanya hivyo kila Pasaka na kila Mwaka Mpya tangu aolewe. Na malakiti ni nini, kama si mama wa shaba? Kila mtu huku anajua kwamba ile nyekundu hutoka ndani ya hii kijani. Kinachomsafisha mtoto kitamsafisha na mama. Ni kweli Papa Théodore alisema siku zote, maji tu, maji matupu, lakini yeye aliuona ule kuwa ubahili wa mzee, maana yule bwana alikuwa akipasua njiti za kiberiti mara mbili. Emérance akakamua ndimu kumi ndani ya beseni, akaongeza maji kidogo, akavitia vyote thelathini, akaenda jikoni kuchukua majivu.

Aliporudi, beseni lilikuwa linanong'ona. Vipovu vidogo vilikuwa vinapanda kutoka kwenye kila yai na kila samaki. Akadhani ni uchafu unaotoka. Alifurahi, tusimfichie, alifurahi hata akaanza wimbo wa kanisani, akaviacha vilowe vizuri wakati yeye anapiga pasi gauni lake la kesho.

Alipolitoa yai la kwanza na kulifuta, lilikuwa limepauka kama goti la mtoto wakati wa kiangazi. Kijani kilikuwa bado kipo, lakini kwa mbali, chini ya ngozi kavu ya kukwaruza. Akatoa la pili. Akatoa samaki. Alivitoa vyote kimoja kimoja, ingawa alishajua. Kazi ya miezi mitano ilikuwa imelala mkekani, imepauka, na foire ilikuwa kesho.

Alimwita mumewe, bila kupiga kelele. Constantin akatoka mlangoni na viatu vyake vya kazi, akaliinua yai, akalikwaruza kwa ukucha, akainama akanusa maji ya beseni. Uso wake ukabadilika. Ulikuwa uso ambao mkewe hakuwa ameuona kwa muda mrefu, uso wa msimamizi anayesoma tangi.

"Mama Carmel," akamwita kwa jina la mtoto wao, "ulitiya nini humu?"

"Ndimu. Ni kusafisha tu."

"Ndimu ni asidi. Minye miaka kumi na tisa nilifanyaka kazi moja tu: tunatwanga ile libwe ya kijani, tunaitiya mu asidi, inakufa, inakuwa mayi ya bleu, kiisha tunatosha shaba mu ile mayi. Njo kile ulifanya apa, mu beseni."

Hasira ilimpanda Emérance, ya kujikasirikia mwenyewe, na kama kawaida ya hasira hiyo ikatafuta mtu mwingine wa kumwangukia.

"Kumbe ulijua, na haukuniambia?"

"Haukuniuliza," Constantin akasema, taratibu. "Tangu ulianza ile kazi, haukuniulizaka hata siku moja kintu juu ya libwe."

Emérance alihesabu miaka kichwani. Ilikuwa kweli. Chini ya paa moja na mtu aliyelijua jiwe lile ndani na nje, alikuwa amekwenda kuuliza kwa jirani, na jirani alipoondoka akauliza kichwa chake. Alikuwa amemwona mumewe kama kiti cha mlangoni. Aibu ilimshika, nzito kuliko ile ya ndimu, na alikuwa mtu asiyependa kuikalia aibu muda mrefu.

"Basi nakuuliza sasa," akasema. "Inaweza kupona?"

Constantin alimwaga yale maji, akasuuza vitu vyote mara tatu, kisha akachukua majivu aliyokuwa ameyaleta mkewe, akayakoroga kwenye maji mengine, akavitumbukiza humo, akieleza kwamba majivu huua asidi. Kiwandani walitumia chokaa, lakini kazi ni ileile. Alipovitoa alikwaruza tena, kwa uangalifu zaidi.

"Ngozi tu njo ilikufa," akasema. "Mwili iko muzima."

Dawa ilikuwa misasa miwili ya mwisho na nta, robo saa kwa kila kitu, na mikono ilikuwa miwili. Hapo Constantin angeweza kusema, haya basi, tufunge godoro. Ilikuwa nafasi yake, nyepesi, na hakuna ambaye angemlaumu. Emérance aliingoja kauli hiyo. Haikuja. Lakini msasa hakuushika pia; alirudi kwenye kiti chake. Emérance alisugua mpaka jua likazama, akapata mayai matano, akaacha, kwa kuwa mwanga wa taa ya mafuta huficha mikwaruzo.

Asubuhi ya Jumapili alivisuuza vile ishirini na vitano vilivyobaki ili aviondoe majivu ya mwisho, na ndani ya maji akaona kitu. Vyote vilikuwa vimerudi. Yai lililopauka, likilowa, linaonyesha miviringo yake yote mpaka ndani kabisa, kana kwamba ndimu haijawahi kuwako. Likikauka, linapauka tena. Aliinua, akatumbukiza, akainua, akatumbukiza. Kisha akasimama, akaenda kutoa chini ya kitanda mabeseni mawili meupe ya harusi yake, yale ambayo hata wageni hawakunawishwa kwayo.

Mabeseni mawili hayabebeki juu ya kichwa kimoja, pamoja na misasa, nta, kitambaa cha meza na vigoda. Constantin akasema atamsindikiza kubeba tu. Mchungaji alikuwa ametoa ruhusa ya kukosa ibada mara hii moja, tena kwa uso mrefu. Wakateremka mjini, mke mbele, mume nyuma, na saa mbili na nusu meza ilikuwa tayari: mayai matano yanayong'aa juu ya kitambaa, na mbele yake mabeseni mawili ya maji safi, vitu vingine vyote vimelala chini.

Jua lilipovuka ukuta wa parokia na kuingia ndani ya maji, kijani kilipanda. Akina mama wa vitambaa waliacha kupanga vitambaa vyao wakaja kutazama. Emérance hakuwa na shaka hata kidogo kwamba kitu alichokiweka pale ni kizuri kuliko vyote uwanjani. Shaka yake ilikuwa ni nini atasema mtu wa kwanza atakapotia mkono.

Mtu wa kwanza alikuwa mama wa Lubumbashi mwenye mkoba mwekundu. Alikunja mkono wa gauni, akatumbukiza vidole vyenye pete, akatoka na samaki. Alimshika akimsifu. Kisha samaki akaanza kukauka kiganjani mwake, akapauka, na sifa zikaisha. Akasema kwamba huyu amekufa, akamnyoosha kumrudisha. Emérance angeweza kutunga lolote, kwamba ndivyo malakiti ilivyo, kwamba nyumbani atapaka mafuta. Lakini alikuwa mtu wa kusema.

"Hapana, mama, hajakufa. Njo kosa yangu. Jana niliosha byote na ndimu, sawa sahani ya shaba. Mayi inakuonyesha vile atakuwa. Ikala apa kidogo, namurudisha mbele ya macho yako."

Mama wa mkoba mwekundu alimkodolea macho, kisha akacheka hadi akashika meza. Hata yeye ana sahani ya shaba ukutani, hata yeye ana ndimu. Akaketi kwenye kigoda. Emérance akalowesha msasa, akaanza, na alipokuwa akisugua alieleza kila anachofanya, kwa sababu mikono yake ilikuwa imetulia na mdomo ulikuwa na nafasi. Baada ya robo saa alipitisha nta, akafuta, akamweka samaki kwenye kiganja kilekile. Safari hii hakupauka. Mama yule hakuuliza bei mara ya pili.

Na watu wakimwona mtu amekaa, huja kuona amekalia nini. Wakaja wawili, wakaja wanne. Kila mmoja alitumbukiza mkono, akachagua, na hapo Emérance akajifunza jambo ambalo hakuna aliyemfundisha: kitu ambacho mtu amekivua mwenyewe majini hataki kukirudisha. Walisimama wamekishika kikiwa kinadondosha maji kwenye viatu vyao, wakingoja zamu. Kwenye meza za tembo watu walitazama na kupita. Kwenye meza ya karibu na choo walipanga foleni.

Hapo ndipo shida ikaja. Saa tano wangojaji walikuwa tisa, mikono ilikuwa bado miwili, na wageni wawili wakaanza kuangalia saa. Mmoja akarudisha msalaba wake ndani ya beseni. Emérance alisikia ule mlio mdogo wa jiwe likigusa bati. Wakiondoka wawili wataondoka sita. Aliharakisha, na kuharakisha kukamfanya arudie.

Constantin alikuwa amesimama nyuma, ameegemea ukuta, mikono imekunjwa. Padri mmoja mzee, aliyekuwa akingoja na yai lake, akauliza ilikuwaje ndimu iharibu jiwe gumu hivyo. Emérance hakugeuka. Akamjibu padri kwamba swali hilo si lake, amuulize mume wake, yeye ndiye mwenye kuijua asidi. Yeye Emérance mwenyewe jana ndiyo amemuuliza kwa mara ya kwanza.

Kisha Constantin akasogea. Alianza kueleza kwa maneno machache, halafu kwa mengi: matangi, harufu yake, jinsi maji yanavyogeuka ya buluu, jinsi shaba inavyotoka. Sauti yake ilinyooka. Watu walisikiliza, hata wale wawili wa saa. Wakati wa kueleza alihitaji kitu cha kuonyeshea, akalichukua yai la padri. Na Emérance, kwa mkono wa pembeni, akamtilia msasa uliolowa katika kiganja kingine. Alieleza na kusugua. Mwanzoni alisugua vibaya, akiubana msasa kwa ncha za vidole. Emérance akamsahihisha mbele ya watu wote: kiganja kizima, Baba Carmel, kwa mviringo. Constantin akajirekebisha. Hata padri alipoondoka na yai lake, yeye aliketi, akanyoosha mkono kwa anayefuata.

Mchana Mama Élisabeth alikuja na malalamiko. Wanaongoja malakiti wamechanganyika na wanaongoja choo, na bibi mmoja mheshimiwa amesimama nusu saa kwenye foleni isiyo yake. Emérance akaomba radhi, akasogeza kigoda. Mama Élisabeth alichungulia beseni ili tu aone. Akakunja mkono wa gauni, akavua msalaba, akaenda mwenyewe mwisho wa foleni.

Jioni mezani vilikuwa vimebaki vitu kumi. Mikufu mitatu ilibaki yote, kwani hakuna mgeni mwenye subira ya kungoja shanga themanini zisuguliwe moja moja, na yai moja Constantin alikuwa ameliangusha likapasuka. Alilitazama kwa huzuni ya kweli. Lakini mama wa mkoba mwekundu alikuwa amerudi kabla ya kufunga, akataka samaki wengine kumi kwa dada zake. Angewapitia Alhamisi kabla ya kurudi Lubumbashi. Emérance akasema Alhamisi watakuwa tayari, kisha akakumbuka kwamba hadi Alhamisi huenda yeye mwenyewe atakuwa ziwani. Alilisema hata hivyo, na hakulifuta.

Wakarudi Kikula, mke mbele, mume nyuma. Alitaka kumuuliza mumewe na aliogopa kumuuliza. Meza ilisimamisha watu, hilo kila mtu aliliona, lakini alichoahidiwa kilikuwa tutaona. Na walipokata kona, kamioneti ilikuwa tayari imesimama mbele ya nyumba, inanuka samaki mtaa mzima, Germain amekaa kwenye ubao wa nyuma na kamba za kufungia mizigo mapajani.

Germain aliruka chini kwa furaha, akanyoosha mkono kumsalimu kaka yake. Viganja vya Constantin vilikuwa vya kijani mpaka kwenye kucha, kwa hiyo akampa kifundo cha mkono, vile anavyosalimu mtu aliyetoka kazini. Germain akakishika, akacheka, akamuuliza huyo mkubwa wake, "Yaya, godoro iko wapi? Tufunge leo, kesho tutoke mapema."

Emérance alisimama na beseni tupu mikononi. Neno halikuwa lake.

"Kesho siwezi, mudogo wangu," Constantin akasema. "Kesho niko na kazi."